Alama Haisemwi Nchi Kavu

Mzee wa kijiji. Mwenyekiti wa wavuvi pamoja na wajumbe wako. Wazee wenzangu wa kiume na wa kike. Mama zangu na dada zangu wauza samaki, ambao mmefunga meza mapema ili mje. Ndugu wa marehemu. Na ninyi vijana mliosimama nyuma, ambao nawaomba msiuegemee mzani maana ndio pekee tuliobaki nao: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake, na nashukuru kwa kupewa nafasi.

Mnanijua. Wengi wenu nimewafundisha kusoma, na wachache mlinishinda. Marehemu alikuwa kaka yangu. Mwanawe, yule fundi miwani aliyeko mjini, nilimlea mimi tangu mama yake alipofariki.

Tangu mazishi nimeyasikia yanayosemwa humu bandani. Yanasemwa kwa sauti ya chini, lakini banda hili ni la bati na neno halipotei. Inasemwa kwamba kijana alimuua baba yake alipoagiza mti ukatwe, na kwamba asikanyage tena pwani hii. Leo tumekutana tuamue kama atarudi. Kabla hatujaamua, nitawasomea barua tulizoandikiana, yeye na mimi. Zangu nilikuwa nikibaki na nakala, kwa tabia ya ualimu. Ruhusa yake ninayo, nanyi mtaisikia mwishoni.

*

9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na salamu za baba yako ambaye amenituma niseme hajambo kabisa, kabla sijaandika lolote jingine. Goti langu linaendelea kunisumbua. Jirani yetu Redio ameoza binti yake wa mwisho, na kwa kuwa hana tena wa kumsikiliza nyumbani, taarifa zote sasa anatusomea sisi.

Nije kwenye jambo lenyewe. Macho ya baba yako yamekwenda, mwanangu. Anamimina chai pembeni ya kikombe, kisha anasema kikombe kimetoboka. Juzi alisimama akaisalimu nguzo ya kamba ya nguo, akaiuliza habari za watoto. Nilicheka, naye akacheka, lakini alicheka baada yangu.

Na bado kila asubuhi anaingia mtumbwini, anakwenda penye majani ya bahari, anainua mitego yake ya madema na kurudi na changu wa kutosha. Wewe unajua kwamba hafungi boya hata moja. Siku zote amesema boya ni tangazo la wezi. Madema yanakaa chini ambako hakuna ayaonaye, naye anayapata kwa kupanga vitu vya nchi kavu, hiki mbele ya kile, mpaka vikae mstari mmoja. Nilimuuliza anaviona vipi, mtu asiyeona kikombe. Akanijibu, "Mwalimu, alama haisemwi nchi kavu."

Mwandikie akae. Mimi nimesema mpaka nimechoka.

Shangazi yako

*

2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi ni mzima. Dukani wamenihamishia chumba cha nyuma, penye mashine ya kusagia lenzi, kwa hiyo nashinda na vumbi la kioo na sina wa kuzungumza naye. Mke wangu anakusalimu. Mtoto ameanza kusimama, na kila anachoshika anakiangusha.

Nimetuma miwani ya Baba. Haitamsaidia sana, kwa maana, kwa ulivyoeleza, ugonjwa uko ndani ya jicho. Mtu wa namna hiyo haoni kilicho kidogo wala kilicho karibu. Kitu kikubwa, cheusi, kilichosimama mbele ya anga, hicho atakiona mpaka mwisho. Mwambie aje huku apasuliwe. Najua jibu lake, lakini mwambie.

Akikataa, mwambie akae tu. Nimekwisha kumwambia mara tatu kwa barua zilizopita, na mara tatu amenijibu kuhusu hali ya hewa.

Kuna jambo jingine dogo. Ule mvinje mrefu nyuma ya nyumba naona umezeeka, na tawi likianguka litavunja paa. Nimemwandikia Msumeno, yule mkata miti, aje aukate. Tafadhali usimzuie.

Mwanao

*

30 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na miwani imefika. Baba yako huivaa anapokula, kwa adabu.

Mjini amekataa kwenda. Amesema macho aliyonayo yanaitosha bahari yake.

Mti umekatwa. Nakueleza ulivyokatwa, kwa kuwa hukuwepo. Msumeno alifika asubuhi na vijana wake, akauzunguka mvinje, akatazama paa, akatazama tena mti.

"Mzee, mti huu hata ukianguka wenyewe hauifikii nyumba. Una kosa gani?"

"Muulize aliyeandika," alisema baba yako.

"Mimi nimeitwa kukata, sikuitwa kuhoji."

Baba yako akanigeukia. "Ameandika mwenyewe? Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake, Kaka."

Alisogea akaupapasa mvinje mpaka vijana wakaanza kukaa chini. Kisha akasema, "Basi kateni. Lakini gogo lisipasuliwe." Akaketi kizingitini, uso baharini, mgongo kwenye mti. Ulipoanguka aligeuka, akawa anatazama pale mahali kama unavyomtazama mtu aliyetoka chumbani hajaaga.

Gogo limelala uani, zima. Mimi sikuwahi kuona tawi hata moja likielekea paani. Sikuulizi kitu. Nakueleza tu nilichokiona.

Bado anakwenda baharini. Sasa anarudi jua likiwa limepanda sana, na mtumbwi ni mtupu.

Shangazi yako

*

21 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mtoto anatembea. Mvua zimeanza, na chumba cha nyuma kinavuja juu ya mashine.

Sielewi unaposema bado anakwenda. Anakwenda kufanya nini? Nilidhani sasa atakaa. Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika hapo naona umekosea kuandika.

Tafadhali nijibu upesi kama amekaa.

Mwanao

*

6 Mei

Mwanangu,

Hajakaa. Leo amenipakia mtumbwini. Mara ya mwisho kupanda chombo chake nilikuwa msichana, na nilitapika. Safari hii nimetapika tena, akasema angalau nina msimamo.

Tulipofika mbali ameniambia jambo. Sitaliandika hapa, kwa sababu unajua kwa nini haliandikwi, na unalijua jambo lenyewe kuliko mimi.

Ninaloweza kuandika ni hili. Mwandikie yeye, si mimi. Mwambie umekosea au mwambie umekusudia. Anangoja mojawapo, na sidhani anajali ni ipi. Kila anapomwona tarishi anasafisha miwani.

Shangazi yako

*

Wapendwa, hapa nisimame kidogo.

Kijana alikuwa amehama chumba alichopanga bila kunipa anwani mpya, na barua hiyo ilizunguka mjini kabla ya kumfikia. Ninyi mliobaki huku mlimwona kaka yangu siku zile. Mlimwona akizunguka juu ya maji yale yale, akipeleka chini upondo wake mrefu wa kusukumia mtumbwi na kuutoa. Mlimpigia kelele: "Mzee, umepoteza nini?" Akawajibu: "Nimepoteza njaa, mmeiona?" Mkacheka mkapita. Siwalaumu. Alitaka mcheke mpite.

Sasa nitawaambia alichoniambia. Alama iliyokatwa si alama tena, kwa hiyo hakuna mwiko ninaouvunja nikiisema nchi kavu.

Aliuweka mtumbwi ukatulia, akaniambia nitazame pwani. "Niambie unaona nini juu ya nyumba yetu."

"Naona anga."

"Hapo kwenye anga ndipo yalipokuwa madema yangu."

Mvinje ule, wenzangu, ndio uliokuwa alama yake. Aliupanga juu ya pembe ya paa, huo ukawa mstari wa kwanza. Upo mstari wa pili, wa kuukata huo, ambao hakunitajia. Na mstari mmoja peke yake ni bahari nzima.

Nikamuuliza nani mwingine aliyejua. Akasema, "Mtoto. Nilimwonyesha mistari yote miwili hapa hapa, alipokuwa hajui hata kushika kasia."

"Ulijua kwamba anajua, na ukaacha ukatwe?"

"Ningesema nini, Mwalimu? Nilikuwa nchi kavu."

Nilikasirika. Nikamwambia mtoto wake amemfanyia ukatili. Akacheka kidogo, yule mtu ambaye kucheka kwake mnakujua, kwa pua tu. Akasema, "Ameona nimefanya mti kuwa macho yangu, akautoa. Ametaka nikae nyumbani. Barua husema tu; tangu aondoke sikujua kama kweli anajali nimekaa wapi."

"Basi kaa."

"Madema yako chini," akasema. "Hayajui kwamba mimi nimekatiwa mti. Samaki anaingia, anakufa, anakuwa chambo cha mwenzake, naye anaingia. Nikiyainua, nitakaa. Siwezi kukaa huku yanaua na hakuna anayekula."

Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta mlipompigia kelele. Alikuwa amekwisha kuacha uvuvi. Alikuwa akitafuta namna ya kuumaliza vizuri.

Niendelee.

*

28 Mei

Mwanangu,

Keti kwanza.

Baba yako ametutoka. Hakuugua, na hakulala kitandani hata siku moja. Tumemzika kando ya mama yako. Watu walikuwa wengi. Redio alisimama kaburini akakosa la kusema, nasi tukamshika mkono.

Usisafiri kwa haraka na njia zilivyoharibika. Kila kitu kimefanyika kama ilivyostahili. Kula, ulale, umshike mtoto.

Shangazi yako

*

Mtaona sikumwambia alivyokufa. Ninyi mnajua: mtumbwi ulikutwa umeegeshwa na maji kwenye mlango wa mwamba, na yeye akakutwa upande wa nje maji yalipotoka, upondo bado mkononi. Nilidhani mtu anaweza kulindwa na umbali. Siku chache baadaye tarishi akaniletea barua ambayo ilikuwa imepishana na yangu njiani.

*

24 Mei

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ya tarehe sita nimeipata leo, imechakaa kama iliyotembea kwa miguu. Nisamehe kwa anwani. Sina habari nyingine za kukupa, sote wazima.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, iliyofungwa, ya Baba. Najua mwenyewe hawezi kusoma. Naomba umsomee wewe, mkiwa wawili tu. Na tafadhali, Shangazi, usiifungue nyumbani wala uani. Mwambie akupakie tena, hata kama utatapika. Msomee mkiwa majini.

Nimeomba likizo mwezi ujao. Usimwambie. Nataka anione, kwa kadiri atakavyoweza.

Mwanao

*

Bahasha hiyo ninayo hapa. Haijafunguliwa, kwa kuwa yule aliyepaswa kunipakia hayupo. Likizo hakuichukua. Kimya chake kilipozidi miezi miwili, ndipo ikaja hii.

*

11 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Mtoto anasema maneno machache. Mke wangu anakusalimu na anakuombea.

Umeniandikia kwamba Baba hakuugua. Ni kweli, na nakushukuru kwa ukweli uliouchagua. Mwingine nimeupata dukani.

Alikuja mchuuzi wa pweza anayenunua huko kwetu, kupimwa macho. Fundi wa mbele alikuwa hayupo, nikaitwa mimi. Hakunitambua, aliniacha mtoto. Nilimkalisha, nikamwambia asome herufi za ukutani, nikawa nambadilishia lenzi. Nikamuuliza, "Hii na hii, ipi inaonekana vizuri?" Akasema, "Hiyo ya pili. Huko pwani kuna mzee alikosa mtu wa kumpimia hivi." Nikambadilishia. "Na hii?" "Hiyo imefifia. Basi mwanawe akaagiza mti ukatwe, mzee akawa anazunguka baharini kama kuku aliyefunikiwa kikapu, mpaka maji yakamtoa nje ya mwamba." Nikamwambia asome mstari wa chini. Akausoma wote bila kukosea. Nikamwandikia miwani yake, na ni miwani mizuri, nimeisaga mwenyewe.

Sitakuja, Shangazi. Si kwa sababu ya watu. Kwa sababu nikitokea njia ya juu, kitu cha kwanza nitakachokiona ni pale pasipo na kitu.

Mtumbwi mpe anayeuhitaji. Nyumba ifunge.

Je, madema yalipatikana? Usinijibu.

Mwanao

*

26 Agosti

Mwanangu,

Goti langu lile lile. Redio anakusalimu, ni yeye aliyekuwa akikumba maji ya mvua mtumbwini tangu siku ile, bila kuombwa na bila kutangaza.

Madema hayakupatikana. Nimekujibu.

Vijana wamezamia mara kadhaa na kurudi mikono mitupu. Chini kuna majani matupu na hawajui waanzie wapi. Bahasha ya baba yako ipo kabatini, imefungwa kama ulivyoifunga. Kijiji kinataka kukaa kikao juu yako. Naomba ruhusa niwasomee tulichoandikiana, pamoja na yale niliyoambiwa majini kuhusu mti. Alama ya pili siijui, na hata ningeijua nisingeitaja.

Na kama unataka kuitaja wewe, unajua haiandikwi.

Shangazi yako

*

14 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Soma zote. Ile ya Baba usiifungue.

Alama ya pili siwezi kuiandika. Nimejaribu. Mkono umekataa, na nimeuona mkono huo ni wa Baba.

Mwanao

*

Hizo ndizo barua, mzee wangu, na mwenyekiti, na nyote mlionisikiliza bila kuniingilia.

Sikuja kuwaambia kijana hana lawama. Alikata macho ya baba yake akidhani anamshika mkono. Alichokikusudia na kilichotokea vyote viwili ni vyake, na atavibeba, hata mkimkaribisha na hata mkimfukuza. Lakini ninyi vijana mnaosema asikanyage pwani hii, nawauliza jambo la kazi, si la huruma. Wiki iliyopita, walioshusha mishipi yao juu ya majani yale walirudi na nini? Mlisema wenyewe, hapa kwenye mzani: hakuna kitu, kama vile bahari imefagiliwa. Madema ya kaka yangu bado yanavua. Yatavua mpaka fito zioze, na fito zake alizisuka mwenyewe, kwa hiyo hazitaoza upesi. Katika kijiji kizima hakuna ajuaye mistari yote miwili. Anayeijua ni mmoja, naye haruhusiwi kuisema isipokuwa akiwa amekaa mtumbwini, juu ya maji.

Jana jioni mzee wa kijiji na mwenyekiti walikuja kwangu, na baada ya kunywa chai ambayo haikumiminwa pembeni ya kikombe, tulikubaliana. Wamenipa mimi nitangaze.

Kwanza, mtumbwi hautapewa mtu. Redio ataupaka lami na kuushusha.

Pili, maneno ya bandani yanaishia leo. Atakapofika, atasalimiwa kama anavyosalimiwa mtu aliyefiwa, na hakuna atakayemtajia mti. Nitamwandikia leo, na kwa mara ya kwanza sitaanza na habari za goti. Nitamwambia anahitajika kazini.

Tatu, ataingia mtumbwini na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Nitatapika, na itabidi avumilie. Akishayapata madema, yeye mwenyewe ataifungua bahasha na kuisoma kwa sauti, pale juu ya maji, kwa sababu ndipo alipotaka isomwe. Mashua nyingine zitasubiri mbali mpaka atakapoinua kasia. Hapo ndipo mtakuja kusaidia kuinua, kwa maana yatakuwa mazito.

Na la mwisho ni la kesho asubuhi, wala halimngoji yeye. Gogo bado liko uani, halikupasuliwa, na sasa tunajua aliyeagiza lisipasuliwe alikuwa akifikiria nini. Kila mwenye mabega aje, na kila mwenye kamba aje nayo. Msumeno, wewe ulisema uliitwa kukata na hukuitwa kuhoji. Kesho unaitwa kusimamisha. Chimba kando ya kisiki, kwenye mstari ule ule wa pembe ya paa, uende chini sana, ili mtu anayetokea njia ya juu akiinua macho aone kuna kitu.